Barua ya wazi kwa Waziri anayesimamia utalii Iceland: Reynisfjara inahitaji walinzi, taa za tahadhari hazitoshi

Mheshimiwa Waziri,

Naandika kwa Kiswahili ili barua hii isomwe pia na jamaa zangu wa Mombasa na Dar es Salaam. Kila wakija kunitembelea hapa Reykjavik, la kwanza wanaloomba ni kupelekwa Reynisfjara, ule ufuo mweusi wa kwenye filamu. Vijana wameuona katika msimu wa saba wa Game of Thrones, wengine katika Noah ya mwaka 2014. Shangazi zangu waliipenda kusini mwa Iceland siku walipomwona Shah Rukh Khan na Kajol wakiimba wimbo wa filamu ya Kihindi, Gerua, juu ya mchanga mweusi.

Siwalaumu. Reynisfjara ni pazuri mno. Zile nguzo za mawe, zilizopatikana lava ilipopoa, ikanywea na kupasuka, zimesimama bega kwa bega kama zimechongwa na fundi, na majabali ya Reynisdrangar yamechomoza baharini mita 66 kwenda juu.

Lakini watu wa pwani ya kwetu wanafika pale na macho ya pwani ya kwetu. Nyali, mwamba wa matumbawe huvunja mawimbi huko mbali, yakifika ufuoni yamekwisha nguvu. Reynisfjara hakuna mwamba. Kuelekea kusini ni bahari tupu hadi Antaktika, na kina kinaongezeka ghafla karibu na ufuo. Tena mawimbi hayaji sawasawa: mengi yanafia chini, watu wanazoea, halafu linakuja moja linalopanda hadi kwenye zile nguzo.

Nimemwona baba mmoja akimpandisha mwanawe juu ya nguzo, kisha akaenda kinyumenyume na simu mkononi, apate picha ya jabali zima. Mgongo ulielekea baharini. Taa ya tahadhari ilikuwa inawaka, na bango alilipita njiani kama wote tulivyolipita. Maji yalimfika magotini kabla hajageuka. Wimbi liliporudi, mchanga ulikimbia chini ya nyayo zake, akakosa pa kukanyaga. Waliomwokoa ni watalii wawili waliokuwa karibu, wakamshika koti.

Wengine hawakupata wa kuwashika. Agosti 2025 bahari hiyo ilimchukua mtoto wa miaka 9 aliyekuja kutembea na familia yake. Naamini, Mheshimiwa, jambo hilo lilikuuma kama lilivyotuuma sisi.

Sheria yenu inawarudishia watengenezaji filamu asilimia 25 ya gharama wanazotumia nchini, na tangu 2022 miradi mikubwa hupata hadi asilimia 35. Ni sera nzuri, imeleta kazi na imewaleta wageni. Ila serikali inayolipia mandhari yake yaonekane dunia nzima inabeba pia dhamana ya yule atakayekuja kuyaona. Kwenye filamu bahari ile ni pambo tu. Hakuna anayetoka sinema akijua kwamba bahari ile haipewi mgongo.

Najua ufuo una wenyewe na kwamba huwezi kuamka tu ukaufunga. Wala sitaki ufungwe. Naomba wawepo walinzi waliofunzwa, kila siku, saa zote za mwanga, wenye mamlaka ya kumwambia mtu rudi naye akarudi. Taa haimfuati mtoto anayekimbilia povu, mtu anaweza. Na kila mradi wa filamu unaotumia ufuo huo na kurudishiwa fedha uchangie mishahara yao.

Nakuomba uamuzi utoke kabla ya majira ya baridi, ambapo mawimbi ya pale huwa makubwa zaidi.

Wako mtiifu,
Mzaliwa wa Mombasa, mkazi wa Reykjavik