Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Nidhamu ya Vijana Wetu Wanaosomea Ubaharia

Ndugu wanachama, wazazi na walezi,

Hesabu atawasomea mweka hazina. Mimi nashika jambo lililotawala vikao vyetu hapa Goma: nidhamu ya vijana tuliowapeleka kusomea kazi za melini.

Wengi wetu bado tunaipima kwa shati lililopigwa pasi na saluti. Melini kijana hupimwa anapopokea zamu. Zamu ikianza saa sita usiku, awe kwenye chumba cha usukani robo saa kabla, maana macho yaliyotoka kwenye taa huchelewa kuzoea giza. Akifungua simu, anaanza upya. Aulize meli iko wapi, inaelekea wapi, kwa kasi gani, vyombo gani viko karibu, kapiteni ameacha maagizo gani. Meli ikiwa inakwepa chombo kingine, zamu haibadilishwi mpaka wamalize. Anayekuja akiwa amelewa, anayetoka asimwachie zamu. Amwite kapiteni, hata kama mlevi ni mkubwa wake. Mkataba wa STCW wa 1978, yaani mkataba wa kimataifa wa mafunzo, vyeti na zamu za mabaharia, uliorekebishwa Manila mwaka 2010, unaweka kikomo cha pombe katika damu kuwa 0.05% na mapumziko yasiyopungua saa 10 katika kila saa 24.

Ndiyo maana kamati inapinga viboko na kuwaamsha wanafunzi wapya usiku kwa adhabu. Kijana aliyezoezwa woga husita kumwita kapiteni, na meli hugongana katika dakika hizo hizo.

Ubaya mwingine umo kwenye buku la staji, yaani daftari la mazoezi anayofanya melini: mwanafunzi anaandikiwa zoezi la kushusha mashua ya uokozi ambalo hakulifanya. King'ora kikilia mara saba fupi na moja ndefu, hajui aanzie kamba ipi. Huo ni uongo unaoua.

Tarehe 3 Oktoba 2024 bato (boti ya abiria) iliyotoka Minova, imepakia kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku hapa Goma, watu wakiitazama. Kwa hiyo kijana wetu anayesaidia kwenye bato wakati wa likizo ahesabu abiria na jile (jaketi za kuokolea) kabla kamba haijafunguliwa. Jile zikipungua, amwambie mwenye bato wazi, akipuuzwa, ashuke.

Kuanzia mwaka ujao, kabla ya kulipa minervali, yaani karo, kila mzazi adai buku la staji na alinganishe tarehe za mazoezi na siku ambazo kijana alikuwa melini kweli. Zisipolingana, lifikishwe kwa katibu wiki hiyo hiyo.