Barua ya wazi kwa Mukubwa wa uwanja wa ndege: naomba taa moja tu ya pakingi

Lubumbashi, siku ya yenga usiku, naandika na mshumaa kwa sababu kuru ya umeme imekatwa tangu mchana

Papa Mukubwa,

Salamu zangu za heshima. Sitaandika jina lako wala la ofisi yako, wewe mwenyewe unajijua, na wale wanafanya kazi chini yako wanakujua zaidi. Mimi ni fundi wa umeme tu wa Katuba, natengeneza kuru mu nyumba za watu, na kwa muda huu wote nilikua nakutetea. Ndiyo, wewe! Siku ile ulisema pa redio kama uwanja unaacha taa za zamani unaingia mu LED, niliambia majirani: huyu papa anajua kitu.

Na ni kweli. Ampuli ya zamani ya waya, karibu umeme wote inakunywa unatoka joto, mwangaza kidogo tu, ile ni jiko si taa. Inakufa kwa saa kama 1,000, LED nzuri inafika 25,000 na kuzidi. Sasa fikiri uwanja wa ndege, taa nyeupe pembeni ya njia ya ndege, kijani pa mwanzo, nyekundu pa mwisho, za buluu kule ndege inatembea polepole kwenda kusimama, zote zinafungwa mstari moja, umeme wa ampere 6.6 unapita, kila taa na transfo yake ndogo ili moja ikikufa zingine zisizime. Ukibadilisha hizo zote, fakitire ya umeme inapungua kweli. Wahindi pale Cochin tangu 2015 uwanja wao unakula umeme wa jua, na George ya Afrika Kusini ikafuata njia hiyo 2016. Kwa hiyo mi sikucheka, nilipiga makofi na turnevisi mkononi.

Ila ulisema na kitu kingine, labda umesahau, mi sikusahau. Ulisema falanga itabaki kwa fakitire itarudi kuangazia pakingi na njia ya kutokea, sababu uwanja ni wa wananchi.

Papa, siku ya posho mwananchi moja alikuja. Ni mama mkwe wangu, anatoka Kinshasa, ndege ilichelewa ikashuka usiku. Njia ya ndege inang'aa kama harusi. Mu ukumbi nako mwangaza hadi unaona vumbi pa viatu vyako. Unatoka mlangoni, unatembea kidogo, giza tii. Nilihesabu nguzo 9, zote ziko na taa mpya kichwani, zote zimekufa. Mvua ilikua imenyesha, ile kanivo yenu, mfereji wa maji, haina kifuniko, maji yamejaa sawasawa na njia, na mama mkwe akaingia mzima mzima na valizi yake.

Sasa wewe ni mtu wa hapa, unajua mambo ya ukwe. Mama mkwe haumshike hovyo, hata kumwangalia sana haya inakushika. Nilibaki nimesimama na tochi ya simu kama sanamu, naangazia mama wa mke wangu mu maji machafu, siwezi kumvuta, siwezi kukimbia! Kijana wa kubeba mizigo njo alimtoa. Goti limevimba, kiatu kimoja kilibaki mule, kikwembe alivalia safari kimekwisha. Mke wangu tangu jana haniongeleshi, nyumbani kuko delestaji ya maneno.

Kwa nini taa zimekufa? Mi nafikiri ni umeme wetu unacheza, mara unashuka hadi friji inalia, mara unapanda, na kile kifaa kidogo ndani ya LED hakipendi hivyo, kinaungua mbele ya taa yenyewe. Njia ya ndege mliweka kinga, pakingi mkafunga hivi hivi. Ao mlinunua zile za soko, zimeandikwa wati 100 na uzito wake ni wa kibiriti. Watu wanasema na mengine, kama taa za zamani ziko zinaangaza bare fulani, mi sikuziona, nimenyamaza.

Usiniambie tu umeme ni kidogo. Tangu 1982 ile laini ya Inga, bwawa la umeme la mto Kongo, inatembea kama kilometa 1,700 kuleta umeme wa migodi ya Katanga, inapita juu ya vijiji na vijiji bila kuangusha hata tone. Tumezoea mwangaza kupita juu ya vichwa vyetu. Sikujua tu kama na uwanja wa ndege utafanya hivyo, na ule umeme wa migodi unaenda kuchimba shaba, unajua shaba inatoka wapi.

Nilitaka kudai mengi, njia yote, kifuniko cha kanivo, kiatu. Basi naacha. Naomba taa moja. Moja, papa! Nguzo ya tatu ukitoka mlangoni, pembeni ya kanivo. Kama mafundi wako wana kazi nyingi, nipe ngazi na ruhusa, nitakuja na taa yangu na stabilizatere yangu, sitaomba hata falanga ya maji.

Mama mkwe anarudi Kinshasa kisha juma mbili. Nimeangalia tikiti yake, ni ndege ya usiku.