Barua kwa mwanangu: bastola nitakayoiuza

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa juzi nimeusoma mara mbili. Mara ya pili nilikuwa nimekaa mezani jikoni, bastola zote nne zimelala mbele yangu juu ya gazeti, mama yako yuko zamu ya usiku na nyumba imetulia. Unasema niuze ile Ruger ndogo kwa kuwa haina thamani, halafu Browning nikuwekee wewe. Nimekusikia, mama. Lakini nimeamua kinyume, na sitaki uje Desemba ukute pengo kwenye sefu bila kujua lilitokana na nini.

Pesa yenyewe unajua ni ya kazi gani. Tangu kimbunga Beryl kitupitie hapa Texas ile Julai ya 2024, paa la upande wa nyuma limekuwa la kuungaunga. Watu wa bima wamelipa, ila ile sehemu ya kwanza tunayotakiwa kulipa wenyewe imemaliza akiba yote, na fundi bado anatudai dola 900. Kukopa sitaki.

Nilianza na Glock 19, kwa sababu ndiyo nisiyoipenda kwa macho. Plastiki nyeusi, haina pambo. Lakini ndiyo iliyomo kwenye kisanduku cha kufuli kando ya kitanda, na mkono wangu unaijua hata gizani. Inabeba risasi 15, na tangu niinunue haijawahi kunikwamia. Kwenye duka la silaha walinitajia dola 350. Kwa pesa hiyo ningebaki na deni, na ningekuwa nimejivua kile ninachokitegemea. Nikairudisha mahali pake.

Rivolva ni ya mama yako, hata kama karatasi ina jina langu. Smith & Wesson Model 10, mtutu wa inchi nne, risasi sita, bastola ambayo mapolisi wengi wa nchi hii waliivaa kiunoni kabla hazijaja hizi za magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini. Tangu vidole vyake vianze kuuma viungo, hawezi tena kuivuta nyuma sehemu ya juu ya Glock ile ili risasi iingie. Rivolva haimdai hivyo. Anafungua silinda, anaona matundu sita kama yana risasi au hayana, anaifunga, basi. Hiyo sikuijadili hata na nafsi yangu.

Zikabaki mbili, Ruger na Browning, na hapo ndipo nilipokaa mpaka saa saba usiku.

Browning najua kwa nini unaitaka. Ni nzuri. Chuma chake kina ule weusi wenye ubluu ndani yake ambao viwanda vya leo havihangaiki nao, na mpini wake ni wa mbao ya mti wa jozi iliyochanjwa mistari midogomidogo ili isiteleze. Nimewahi kukusimulia habari zake ukiwa mdogo, sijui kama unazikumbuka. John Browning, yule Mmarekani aliyebuni bastola ya jeshi ya mwaka 1911, alifia Ubelgiji mwaka 1926 akiwa kazini katika kiwanda cha silaha cha FN, na hii alikuwa hajaimaliza. Aliyeimaliza ni Mbelgiji, Dieudonné Saive, ikatoka mwaka 1935, magazini yake inabeba risasi 13 wakati nyingi za enzi hizo zilibeba saba au nane. Katika vita vya pili vya dunia Wajerumani walikiteka kiwanda wakawa wanajiundia wao, na huku Kanada zikaundwa kwa ajili ya upande wa pili. Bastola moja, pande zote mbili za vita. Niliinunua kwa sababu ya habari hiyo, si kwa sababu niliihitaji.

Na nikiwa mkweli, siipigi. Mara ya mwisho kuipeleka kwenye uwanja wa shabaha ulikuwa bado sekondari. Naogopa kuikwaruza. Nyundo yake inanifinya nyama ya kati ya kidole gumba na cha shahada kila inaporudi, maana mkono wangu mnene. Kazi ambayo ingeweza kuifanya, Glock inaifanya. Kwa hiyo miaka yote hii nimekuwa nikiitoa, naipaka mafuta, naitazama, naifunga.

Babu yako kule Handeni alikuwa na gobore moja. Moja tu, lina kibali, na lilikuwa na kazi: nguruwe pori wasimalize mahindi. Alilihifadhi juu ya dari limefungwa kitambaa cha mafuta, na sisi watoto tulijua hata ngazi ya kupandia dari hatuigusi. Macho yalipoanza kumpungua, alilibeba mwenyewe akalikabidhi kituo cha polisi. Nilimuuliza kwa nini asimpe kaka yangu mkubwa. Akasema kaka yako halimi. Nimelikumbuka jibu hilo usiku huu nikiwa na Browning mkononi, maana silimi na hii, mwanangu, na wewe pia hutalima nayo.

Lakini kuna jambo jingine lililonifanya niwe mzito hivi, na sijawahi kukuambia.

Mwaka 2011 niliuza Beretta. Ilikuwa kipindi kile lori liliharibika injini. Sheria ya Texas hainilazimishi kumpitisha mnunuzi dukani ikiwa sote wawili ni watu binafsi na sote wakazi wa hapa, ilimradi sijui wala sina sababu ya kuamini kwamba amekatazwa kumiliki silaha. Tulikutana kwenye maegesho ya magari, mchana kweupe. Nilimwomba anionyeshe leseni ya udereva tu, akasema ameisahau nyumbani. Nilikuwa na haraka ya pesa. Alihesabu noti juu ya boneti, nikampa bastola na magazini mbili, akaondoka. Nakumbuka kofia yake ya rangi ya chungwa.

Baada ya miaka miwili nikapigiwa simu na mpelelezi wa mji mwingine. Bastola imeokotwa mahali. Namba iliyochongwa kwenye chuma wanaifuata kutoka kiwandani hadi kwenye duka lililoiuza kwanza, na duka lina ile fomu 4473, ya serikali, ambayo mnunuzi hujaza dukani, niliyoijaza kwa mkono wangu na kuitia sahihi. Njia ya karatasi inaishia kwangu. Akaniuliza nilimuuzia nani. Mwanangu, nilichokuwa nacho cha kumjibu ni kofia ya rangi ya chungwa. Hakunishtaki, hakuna kosa la kisheria alilolikuta kwangu. Nilimuuliza bastola imefanya nini, hakunijibu. Mpaka leo sijui, na kuna usiku nalala nikiliwaza.

Ndiyo maana safari hii nimeamua vyote kwa pamoja, ipi iondoke na itaondoka vipi. Browning ndiyo itakayokwenda, kupitia duka lenye leseni. Sitawauzia wao moja kwa moja, maana walinitajia 700. Watanifanyia ya kuiuza kwa niaba yangu: wanaiandika kwenye daftari lao, wanaiweka kabatini, mnunuzi akija anajaza fomu, rekodi zake zinaangaliwa, kisha wanakata asilimia yao na kunipa iliyobaki. Wanatarajia itafika 1,100. Wakishakata chao, fundi analipwa. Ingeweza kupata zaidi nikimtafuta mtu mwenyewe, lakini maegesho ya magari nimeachana nayo.

Usidhani kukunyima wewe ni kwa sababu ya sheria. Njia ipo: kwa kuwa uko Minnesota na mimi Texas, ningeituma kwa muuza silaha mwenye leseni wa huko kwako, ungeenda kujaza fomu kama mnunuzi mwingine yeyote. Tatizo ni makazi. Unaishi na wenzako watatu, wageni wanaingia na kutoka, na hata sefu hamna. Sikupi kitu ambacho utakificha chini ya nguo kwenye droo.

Nilitaka niisugue kabla ya kuipeleka. Karibu na mdomo wa mtutu weusi umefifia kwa kuingia na kutoka kwenye ala, tangu miaka ya mwenyewe wa kwanza, si kwa mkono wangu. Nilishachukua kitambaa nikakiweka chini. Wanaozijua bastola hizi wanataka rangi ya kiwandani hata ikiwa imechakaa. Ukiipaka upya unaiua bei. Nimeisafisha ndani tu, nikatafuta boksi lake na magazini ya pili. Nikaangalia chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, kwa macho, kisha kwa kidole cha mwisho, kisha kwa macho tena. Hilo ushike: Browning hii ukiitoa magazini triga haifanyi kazi, na wapo watu wanaodanganywa na hilo wakadhani tayari iko tupu, kumbe risasi inaweza kuwa imebaki kwenye chemba.

Sasa Ruger. Umesema haina thamani, na dukani ni kweli, wangenipa pesa ya kununulia matairi mawili. Lakini ndiyo pekee kati ya hizi nne ambayo bado naipeleka uwanjani karibu kila mwezi. Risasi zake ndogo, za kipimo cha .22, ni za bei rahisi, hairuki mkononi, na ndiyo inayoniambia kama mkono wangu umeanza kutetemeka. Na ndiyo uliyoshika wewe ukiwa na miaka 12, masikio yamefunikwa, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo. Kwenye ile karatasi yako ya kwanza matundu matatu yaligusana. Iko kwenye bahasha ndani ya sefu, na tarehe nimeiandika nyuma.

Siku utakapokuwa na nyumba yako na sefu iliyofungwa ukutani kwa bolti, Ruger ni yako. Tutaipitisha kwa karatasi zote.

Kwa sasa imefunguliwa. Niliifungua usiku uleule nikaisafisha, na imebaki kile kifimbo cha nyuma ya nyundo, kinachotakiwa kuangukia kwenye kikombe chake kabla hujaufunga mpini. Wewe ulikuwa unakipata kwa kuinamisha bastola na kuitikisa kidogo, mimi sijawahi kukipata mara ya kwanza. Vipande vyote vimo kwenye sahani ya bati ndani ya sefu, rafu ya juu. Niliacha makusudi. Ukifika tutaifunga pamoja.

Mama yako anakusalimu, anataka kujua tarehe ya ndege ili aombe ruhusa kazini mapema.

Baba yako