Safari ya Jumamosi: muda umebadilika

Habari za jioni wapendwa. Safari yetu ya rasi ya Capripoint na kisiwa cha Saanane iko palepale, ila tunawahi. Tukutane saa 1:30 asubuhi ofisi ya hifadhi Capripoint, siyo saa 5 tena. Mchana upepo wa ziwa hushika na mawimbi hupanda, nasi tuna watoto na mama zetu. Kila mtu atavaa boya, hata anayejua kuogelea. Hapo sitalegeza.

1. Mchango: mkubwa 25,000, mtoto 10,000 (boti, kiingilio, chakula). Mwisho Alhamisi saa 2 usiku, kwa mweka hazina.
2. Njoo na kitambulisho, maji na viatu visivyoteleza.

Kwa walio wageni Mwanza: Saanane ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964, ikawa Hifadhi ya Taifa 2013. Pimbi mtawaona juu ya mawe, tafadhali msiwalishe.

Kamati ya chakula, tuandae samaki aina ya sato wangapi?

Andika NAKUJA na idadi ya watu wako kabla ya kesho saa 6 mchana, nijue kama tunahitaji boti ya pili. Asanteni sana.