Tuchague vitabu vya maua vinavyoihusu Kitulo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwaombe walimu wenzangu, waongoza wageni na wazazi wa huku Nyanda za Juu Kusini jambo moja. Kabla hamjanunua kitabu cha kutambulia maua ya porini, angalieni kwanza kiliandikwa kuhusu maua ya wapi. Mvua za Novemba zikishika, uwanda wa Kitulo unaanza kuchanua na kuendelea hadi Aprili, na kila msimu ukikaribia naulizwa swali lile lile: "Mwalimu, tununue kipi?"

Nafundisha baiolojia sekondari, na klabu yetu ya mazingira ina fedha ya kitabu kimoja tu cha maana. Mwenzangu wa idara, ninayemheshimu sana, alitaka tuchukue kile chenye picha za rangi za Afrika Mashariki nzima. Kinavutia, sikatai. Lakini tupige hesabu. Ile kazi kubwa ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, Flora of Tropical East Africa, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 ikakamilika 2012, na ina aina zaidi ya 12,000. Kitabu chenye maua elfu moja kimeacha mengi kuliko kilichobeba. Mwanafunzi wangu akisimama Kitulo, mita 2,600 juu ya usawa wa bahari, atapekua kurasa zote aambulie ua linalofanana na lake. Ataandika jina hilo kwenye daftari, atamfundisha mdogo wake, na kuling'oa tena kichwani ni kazi.

Wapo wanaosema basi tuchukue cha nyanda za juu za Kenya, cha Andrew Agnew, kilichotoka mara ya kwanza 1974. Ni kitabu makini na kimelea wataalamu wengi. Ila ni cha Kenya. Okidi (kwa Kiingereza orchids) nyingi za Kitulo utazikuta pia uwanda wa Nyika kule Malawi, kwa hiyo kwa okidi peke yake ningemshauri mtu wa Mbeya atafute kile cha okidi za Malawi cha akina la Croix, cha 1991, kabla ya kwenda kutafuta msaada Nairobi.

Na kipo chetu hasa. Mwaka 2011 Rosalind Salter na Tim Davenport walitoa kitabu cha okidi na maua ya uwanda wa Kitulo. Davenport ndiye yule ambaye wengi wetu tunamkumbuka kwa habari za kipunji, kima wa Rungwe na Kitulo aliyetangazwa kwa dunia mwaka 2005. Ndicho nilichokipigania kwenye kikao, na ndicho ninachowashauri wengine wakitafute, hata kama ni nakala iliyokwishatumika. Hifadhi ya Taifa ya Kitulo yenyewe ilitangazwa rasmi 2005, ya kwanza katika Afrika ya tropiki kuanzishwa hasa kwa ajili ya mimea yake. Inahesabiwa kuwa na aina 350 za mimea, na 45 kati ya hizo ni okidi za ardhini. Mahali pa namna hiyo panastahili kitabu chake pekee.

Ukishapata cha eneo lako, fungua ukurasa wa okidi ukipime. Chukua Disa na Satyrium, makundi mawili ya okidi. Ukiwa umesimama zote ni shada lililonyooka juu ya majani mafupi, na rangi inaweza kukudanganya. Piga magoti, shika ua moja bila kulichuma, ligeuze taratibu utazame nyuma. Satyrium ina vijimkia viwili vinavyoning'inia sambamba kutoka kwenye kofia yake. Disa kofia yake ina kimkia kimoja. Mtoto wa kidato cha pili akishaona hilo mara moja, hasahau. Kitabu kizuri kinakuonyesha vijimkia hivyo, kwa mchoro au kwa picha iliyopigwa kwa karibu kutoka ubavuni. Kile chenye picha ya ua kutoka mbele tu, hata liwe limepigwa na jua zuri namna gani, kirudishe rafuni.

Sipendi sana vitabu vilivyopangwa kwa rangi za maua. Vinamfaa anayeanza, lakini aina moja inaweza kuwa na maua meupe bonde hili na ya waridi bonde lile. Juni hadi Agosti sakitu inapochoma nyasi maua ya kutazama huwa machache sana, unabaki na majani na vikonyo. Vilivyopangwa kwa familia za mimea vinamfundisha mtu kwa mwaka mzima. Halafu karatasi. Maua yetu huchanua wakati wa mvua na ukungu, siyo kiangazi, hivyo kitabu cha kubeba porini kiwe kidogo, kimeshonwa vizuri, na jalada lake liwe la kuhimili maji.

Kuhusu simu: vijana wananiambia kuna programu inayotaja ua ukilipiga picha. Huko juu mtandao unakatika, na nimeona kwa macho yangu simu ikiliita ua la Kitulo kwa jina la ua la bustani za Ulaya. Tumieni, lakini kitabu kiwepo mkononi.

Lipo moja linaloniuma zaidi ya haya yote. Viazi vya okidi vinachimbwa huku na kuvushwa mpaka kwenda Zambia kupikwa chikanda, chakula kinachotengenezwa kwa viazi hivyo. Ukichimba kiazi umeua mmea, na mchimbaji haangalii kama aliyoishika ni ya kawaida au imebaki michache. Okidi zote zimo katika orodha za mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe pori, na Tanzania ni mwanachama. Kwa hiyo tukichagua kitabu tuangalie pia kama kinasema aina fulani ni adimu, na kama kimekuwa na busara ya kutotaja bonde na kilima inakoota. Kitabu kinachompeleka msomaji hadi kwenye shina kinampeleka na mwenye jembe.

Vitabu vyote nilivyovitaja ni vya Kiingereza. Wataalamu wetu wapo: kuna hifadhi ya taifa ya sampuli za mimea Arusha, kuna idara ya botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Nawaomba watuandalie kijitabu cha Kiswahili cha maua hamsini tu ya Kitulo, Rungwe na Kipengere, yenye michoro, na pembeni majina wanayoyatumia Wakinga, Wasafwa, Wanyakyusa na Wabena. Wazee wanaoyajua bado wako Matamba na Isyonje, na wengi wangefurahi kuulizwa. Klabu yetu iko tayari kwenda kuwasikiliza na kuandika, ikipata mtaalamu wa kuhakiki majina ya kisayansi. Uongozi wa shule umekubali kutupa ruhusa siku za Jumamosi kuanzia Januari.

Mwalimu wa Baiolojia,
Makete, Njombe