Kura ya njano

Mwenzangu Rehema,

Salamu sana. Habari za siku nyingi, wazee hawajambo? Mdogo wako alimaliza ule mtihani? Huku sote wazima, ila uchovu wa kongamano bado umo mwilini. Mama Profesa amekuulizia, na si kwa kupitisha muda. Alinivuta pembeni akataka kujua unaendeleaje, nami nikamwambia hujambo kwa kuwa sikuwa na jingine la kumwambia. Umekaa kimya mno, ndugu yangu.

Niliahidi kukuletea mambo makuu ya kongamano kwa ufupi. Ufupi umenishinda, kwa sababu katika kikao kimoja lilizuka swali la nchi kujizuia katika kura za Umoja wa Mataifa, ambalo jibu lake umelikalia wewe, na tangu hapo sina raha mpaka nikuandikie. Lakini ngoja kwanza nikupitishe kwenye mengine haraka haraka, maana nikishaingia huko sitatoka.

Hotuba ya ufunguzi ilikuwa ya kihistoria, na nzuri. Sote tumefundishwa kwamba taaluma yetu ilizaliwa Aberystwyth, kule Wales, mwaka 1919, kilipoanzishwa kiti cha kwanza cha uprofesa wa siasa za kimataifa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mzungumzaji hakulikataa hilo. Alichouliza ni kwa nini hadithi ikianzia hapo huwa haifiki Bandung, Indonesia, Aprili 1955, zilipokutana nchi 29 za Asia na Afrika kujadili dunia waitakayo, wakati sehemu kubwa ya Afrika ilikuwa bado inatawaliwa. Katika mihtasari ya kozi, alisema, Bandung hupewa mstari mmoja, halafu wanafunzi wanashangaa nchi zao zikikataa kuchagua kambi. Nilipiga makofi kwa moyo wote. Bakari alianza kubisha hata kabla makofi hayajaisha, unamjua.

Kikao cha tabianchi sikukifaidi. Wasemaji walikuwa wengi, muda mdogo, na kila mmoja alikatizwa akiwa ndiyo kwanza anafika penye nyama. Mabishano yalikuwa juu ya ule mfuko wa hasara na uharibifu uliokubaliwa Sharm el-Sheikh mwaka 2022: nani atie fedha, na kwa wajibu au kwa hisani. Yule bwana wa takwimu aliwasilisha vizuri. Nitakutumia kurasa zake.

Sasa nije kwenye lenyewe.

Kikao kilikuwa cha mchana, saa ile watu wanasinzia. Mwanafunzi mmoja wa uzamivu, msichana mtulivu hivi, akapanda na picha moja tu ukutani: ubao wa kura wa Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa, tarehe 2 Machi 2022, siku ya azimio la kulaumu uvamizi wa Urusi nchini Ukraine. Taa za kijani, waliokubali, 141. Nyekundu, waliopinga, tano. Njano, waliojizuia, 35. Akatuacha tuutazame, kisha akasema magazeti yaliandika 141 dhidi ya 5 yakafunga habari, na wasomi wengi nao wakafunga. Yeye anataka kuzisoma zile njano.

Afrika pekee ilikuwa na njano 17. Kenya kijani, Tanzania na Uganda njano; majirani wa mpaka mmoja, jumuiya moja, na bado taa tofauti. Basi tumezoea kusema nini? Kwamba wenye njano waliogopa, au walikuwa upande wa Urusi kimyakimya, au hawakuwa na msimamo. Yeye hakubishana kwa maneno makubwa. Alitugawia karatasi zenye maelezo ya kura, yale ambayo wajumbe huyatoa kabla au baada ya kupiga, akiwa ameyapaka rangi kwa penseli, mstari kwa mstari, kwa mkono wake. Karatasi zilipita kutoka mkono hadi mkono na nyingine zilinifikia zimeshajikunja. Palipotetewa mipaka na mamlaka ya nchi pana rangi moja, palipolalamikiwa utaratibu pana nyingine, palipoombwa mazungumzo ya tatu. India ilijizuia huku ikisema wazi kwamba mfumo wa dunia umesimama juu ya sheria ya kimataifa, Mkataba wa Umoja wa Mataifa na heshima kwa mipaka ya kila nchi. Afrika Kusini nayo ilijizuia, na lalamiko lake kubwa likawa namna azimio lilivyoandaliwa, kwamba ilitaka mashauriano ya wazi zaidi. Taa moja, sababu mbalimbali. Rehema, karatasi ile ukiitazama huwezi tena kusema njano ni ukimya.

Bakari akasimama, bila shaka. Akasema maneno ni maneno na kura ni kura, na serikali ikitaka kuficha woga wake haikosi sentensi. Halafu mzee mmoja aliyewahi kuwa balozi, sasa amestaafu, akaomba kipaza sauti. Alizungumza taratibu. Akatukumbusha tarehe 29 Novemba 1990, azimio namba 678 la Baraza la Usalama lililoruhusu matumizi ya nguvu dhidi ya Iraq: Cuba na Yemen zilipinga, China ikajizuia. Cuba haikuwa na cha kupoteza kwa Marekani, lakini Yemen ilikatiwa misaada. Mjumbe wa nchi ndogo aliyekaa mbele ya vile vitufe, alisema, anaijua historia hiyo, na wakati mwingine njano ndiyo kauli kubwa kuliko zote ambazo nchi yake inamudu. Hapo hata Bakari alinyamaza kidogo.

Mimi nadhani wote wawili wana haki, na ndiyo maana mada hii haiishi. Njano inaweza kuwa woga, na inaweza kuwa ujasiri uliopimwa. Kazi ni kuzitofautisha, na kazi hiyo haifanywi kwa kuhesabu taa.

Mjadala ukahama kutoka Baraza Kuu ukaingia Baraza la Usalama, na hapa ndipo nilipokukumbuka mpaka nikauma midomo. Kijana mmoja wa nyuma kabisa aliuliza: ibara ya 27 ya Mkataba inasema uamuzi wa Baraza la Usalama usio wa utaratibu tu unahitaji kura tisa, zikiwemo kura za wanachama watano wa kudumu (Marekani, Urusi, China, Uingereza na Ufaransa) zinazoafiki, sasa mwanachama wa kudumu akijizuia, azimio linapitaje? Mwenyekiti wa kikao alijibu vizuri. Alieleza mazoea yaliyojengeka tangu miaka ya mwanzo ya Baraza, akataja Juni 1950, pale Wasovieti walipokuwa wamesusia vikao kwa ajili ya mzozo wa nani akalie kiti cha China na maazimio ya Korea yakapita bila wao, akamalizia na maoni ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu Namibia, 1971, yaliyothibitisha kwamba kujizuia kwa mwanachama wa kudumu si kura ya turufu, yaani ile kura yake moja ya kupinga inayoangusha azimio. Safi. Kijana hakukaa. Akasema: sawa, na ile sehemu ya mwisho ya ibara hiyohiyo? Si inasema kwamba katika maamuzi ya Sura ya Sita ya Mkataba, ile ya kusuluhisha migogoro kwa amani, aliye upande katika mgogoro hatapiga kura? Iweje basi tarehe 25 Februari 2022 Urusi ikapiga turufu kwenye rasimu inayoihusu yenyewe?

Ukumbi ukapoa. Mwenyekiti akasema Norway iliigusa hoja hiyo siku ileile, kwamba kwa moyo wa Mkataba Urusi ilipaswa kujizuia. Mwingine akasema haikuwa wazi kama rasimu ile ni ya Sura ya Sita au ya Saba, ile ya hatua za nguvu. Baada ya hapo, hakuna. Watu wenye vitabu vyao, wenye majina yao, wakabaki wanatazamana. Mimi nimekaa pale najua kwamba yupo mtu aliyeichambua sentensi hiyo kesi kwa kesi, na mtu huyo ni wewe, na sura hiyo ya tasnifu yako imelala kwenye droo.

Nani alinionyesha Argentina ya 1960? Si wewe? Ile kesi ya Eichmann, yule afisa wa Wanazi aliyetekwa Argentina na mawakala wa Israel: Argentina imelalamika dhidi ya Israel, yenyewe ni mwanachama wa Baraza wakati huo, na ilipofika kura ya azimio namba 138 haikushiriki kwa kuwa ilikuwa mhusika wa mgogoro. Nakumbuka ulivyonieleza: sheria ilifanya kazi, mtu aliitii, hakuna aliyekufa. Laiti ungekuwepo ukawaambia vile.

Naye yule aliyekuambia kwamba kifungu hicho kimekufa na hakifai tasnifu, nasema leo kama nilivyosema siku ile: alikosea. Kifungu kisichotumika si kifungu kilichokufa. Kuna watu wenye sababu ya kutokitumia, na sababu hizo ndizo za kuandikwa. Pia turufu yenyewe sasa inaulizwa maswali. Tangu Aprili 2022, kwa azimio namba 76/262 lililoongozwa na Liechtenstein, kila turufu ikipigwa Baraza Kuu linakutana ndani ya siku kumi za kazi kuijadili. Nchi ndogo namna ile! Haiondoi turufu, lakini aliyeipiga anapewa nafasi ya kuja kujieleza mbele ya wote. Ukiweka wajibu wa kujizuia pembeni ya hilo, una hoja nzito.

Kuna na jambo la mzee balozi tena, alinisimulia nje baada ya kikao na sitaki lipotee. Watu wanapokata tamaa kuhusu mageuzi ya Baraza la Usalama, kwamba ibara ya 108 inataka theluthi mbili ya wanachama wote pamoja na wakubwa watano waridhie, yeye huwarudisha Desemba 1963. Siku Baraza Kuu lilipopitisha kuongeza viti kutoka 11 hadi 15, kati ya wanachama watano wa kudumu ni China peke yake iliyokubali, tena wakati huo kiti kilikuwa cha serikali ya Taiwan. Ufaransa na Umoja wa Kisovieti walipinga. Uingereza na Marekani walijizuia. Na bado, kufikia Agosti 1965, wote watano walikuwa wamesharidhia na mabadiliko yakaanza kufanya kazi. Njano mbili zile hazikuwa kukataa, ilikuwa njia ya kuacha mlango wazi bila kuonekana umeufungua. Niliandika maneno yake haraka nyuma ya ratiba. Ezulwini ya 2005, ule msimamo wa pamoja wa Umoja wa Afrika, na viti vya kudumu visivyopungua viwili ambavyo Afrika inavidai vikiwa na turufu, bado iko palepale, na huyu mzee haamini kwamba wakubwa hawasogei. Anaamini hawasogezwi vya kutosha.

Halafu kuna lile la Machi 2024, azimio namba 2728 la kusitisha mapigano Gaza kwa mwezi wa Ramadhani: kura 14, Marekani ikajizuia, na muda si muda maafisa wake wakasema azimio halina nguvu ya kufunga. Yule msichana wa karatasi aliuliza, na hakujibiwa: aliyeliachia azimio lipite kwa kujizuia, ana haki gani ya kulipunguza uzito baada ya hapo? Ibara ya 25 inasema wanachama wanakubali kutekeleza maamuzi ya Baraza, haisemi wale tu waliopiga kijani. Nimelizungusha swali hili kichwani na kila nikilizungusha narudi kwako, kwamba ungeweza kulichukua likawa sehemu ya sura ile, au pengine liwe makala pekee, sijui, wewe ndiye mwenye macho ya mambo haya.

Sasa ombi. Waandaaji wanakusanya kitabu cha mada za kongamano, na wanapokea hata za wasiohudhuria mradi zijibu mjadala uliozuka. Ikisiri inatakiwa mwisho wa mwezi ujao. Nimemwuliza mhariri kama anaweza kupokea mada ya waandishi wawili, akasema anaweza. Nataka tuandike pamoja: wewe uchukue wajibu wa kujizuia katika ibara ya 27, mimi nichukue maelezo ya kura. Kama hutaki jina langu pembeni ya lako, iandike peke yako, nitafurahi vilevile, nitakusomea rasimu na kukutafutia nyaraka. Ninachokataa ni kazi ile iendelee kulala huku watu wanatazamana ukumbini.

Nieleze basi, ni nini hasa kilichokukatisha? Ni maneno ya yule mtu, au kuna jingine hukuniambia? Rasimu ya sura ya nne bado unayo, na lile jedwali la kesi, lilibaki kwenye kompyuta ya zamani au ulilihamisha? Yule msichana amesikia habari zako na anaomba anwani yako, nimpe? Mama Profesa anasema yuko tayari kusoma chochote utakachomtumia, je, nimwambie asubiri mwezi huu? Na afya yako, kwa kweli, si kwa salamu: unalala?

Nijibu hata kwa mistari miwili. Ikisiri nimeanza kuigusa, aya yako nimeiacha wazi.

Akupendaye,
Zainabu