Waridi la Upanga, Jumamosi

Wapendwa, habari za jioni. Jumamosi saa 2 asubuhi, kabla jua halijawa kali, tukutane Upanga kwenye lile waridi la zamani la ukutani, tulitambue ni aina gani. Picha ya ua pekee haitoshi kulitambua: pigeni na jani zima, miiba, tunda na upande wa nyuma wa ua. Harufu muiandike palepale, inasahaulika upesi mno.

Mlioniuliza kama mche uliooteshwa kwa mbegu ni waridi lilelile: huo ni mmea mpya, si mama yake, hata ukifanana naye. Tafadhali msiupe jina la mama. Ukilitaka waridi lenyewe, kata kijiti chenye macho (sehemu za kuchipukia) 3 au 4, uchomeke kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Old Blush, waridi lenye asili ya China, hushika vizuri hivyo. Njooni na gazeti lililoloweshwa la kufungia vijiti.